Mapukutiko Yenye Joto: Kuandaa Bustani ya Minnesota Kabla Theluji Haijafika, au Isipofika

Kule Kinangop, Kenya, nilikokulia, mama hakuhitaji redio ili aujue usiku wa kuunguza viazi. Jioni za Januari, upepo ukitulia na nyota zikionekana zote bila wingu hata moja, alitutuma magunia tukafunike miche. Asubuhi shamba lisilofunikwa lilikuwa jeusi kana kwamba limemwagiwa maji ya moto. Kwa hiyo jalidi, ile baridi inayogandisha umande na kuchoma majani, niliijua kabla sijapanda ndege. Nisichokijua ni ardhi yenyewe kuganda. Hilo nimelijifunzia hapa Minnesota, Marekani, tena kwa hasara: baridi ya kwanza iliyopita bila theluji ya maana iliondoka na mitufaha yangu miwili michanga na tuta zima la stroberi.

Sisi tunaolima nyuma ya nyumba katika vitongoji vya Minneapolis na St. Paul tulizoea mpango mmoja: jalidi ya kwanza nusu ya kwanza ya Oktoba, theluji ya kwanza mwanzoni mwa Novemba, na kabla ya Krismasi bustani imelala chini ya blanketi jeupe. Mpango huo hautegemeki tena. Septemba 2024 ilikuwa Septemba kavu kuliko zote katika kumbukumbu za miji hii miwili, hata milimita 2 za mvua hazikufika. Msimu wa baridi wa 2023–24 ulikuwa wenye joto kuliko yote, na siku ya Krismasi ilinyesha mvua. Kwa kawaida miji hii hupata theluji ya takribani sentimita 130 kwa msimu. Msimu ule haikufika 80. Msimu mmoja tu nyuma yake, 2022–23, tulikuwa tumepata zaidi ya sentimita 225, tukakosa hata mahali pa kuitupa.

Ndiyo maana siku hizi naandaa bustani kana kwamba theluji haitakuja, na ikija naipokea kwa mikono miwili. Hatua zilizo hapa chini ndizo ninazofuata. Neno moja kwanza: kwetu vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba, na huku majira hayo ni ya majani kupukutika, mara nyingi bila mvua. Nitayaita mapukutiko, tusichanganyane.

Hatua ya 1: Ujue usiku wa jalidi

Tarehe za wastani ni za kukuamsha tu. Katikati ya jiji, kwenye lami na majengo yanayotunza joto, jalidi huchelewa; vitongoji vya nje na mashamba hupigwa mapema zaidi. Hata ndani ya kiwanja chako, bonde dogo lililo nyuma ya nyumba litaungua huku tuta lililo ukutani upande wa kusini likibaki salama, kwa sababu hewa baridi ni nzito na hutiririka kwenda chini kama maji.

Fuata utabiri wa Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa, ambayo ofisi yake ya eneo letu iko Chanhassen. Lakini kumbuka kwamba joto linalotangazwa hupimwa juu kidogo, usawa wa kichwa cha mtu hivi. Usiku wa anga wazi usio na upepo, majani yaliyo karibu na ardhi huwa baridi zaidi ya hapo. Simu ikisema nyuzi 36 za Fahrenheit (kama 2 za Selsiasi), mimi nafunika. Nyuzi 32 ndipo maji yanapoganda. Zikishuka hadi 28 kwa saa kadhaa, mboga zote laini zimekwisha.

Funika kwa shuka kuukuu, kabla jua halijazama, na shuka lifike chini kabisa, maana joto unalotaka kulinasa linatoka kwenye udongo. Plastiki inayogusa majani huyaunguza. Asubuhi funua. Kazi hii inalipa sana katika mapukutiko yenye joto, kwa sababu mara nyingi jalidi huja usiku mmoja halafu zinafuata wiki mbili za jua zuri. Aliyefunika usiku ule mmoja anakula managu (mnavu) hadi mwisho wa mwezi.

Nunua pia kipimajoto cha udongo, kile kirefu kama msumari chenye uso wa saa kichwani. Kichomeke sentimita 10 ardhini na ukisome asubuhi. Hatua mbili kati ya zinazofuata zinakitegemea, na ndicho kimenizuia nisidanganywe na jua la Oktoba.

Hatua ya 2: Vuna ukianza na zenye woga

Mrehani ndio unaoanza. Huwa mweusi hata kabla ya jalidi kamili. Zinafuata mboga zetu zote za nchi za joto: managu, terere (mchicha), kunde, majani ya maboga. Jirani yangu aliyetoka Bukavu hulima lengalenga, ambayo ndiyo terere yangu, pamoja na matembele, na yeye huvuna matembele mapema kuliko sisi sote kwa sababu hayavumilii hata kidogo. Kisha nyanya, pilipili hoho na biringanya.

Nyanya za kijani usizitupe. Chagua zilizofikia ukubwa wake, hata kama zimeanza tu kupauka, na uzipange ndani ya boksi kwa safu moja bila kugusana. Weka tofaa lililoiva katikati, kwa kuwa hutoa gesi inayoivisha matunda mengine. Hazihitaji dirisha wala jua. Joto la kawaida la nyumba linatosha. Friji huua ladha yake. Nimekula nyanya zangu mwenyewe wiki ya mwisho ya Novemba kwa njia hii, na zilizopondeka au kuguswa na jalidi ndizo pekee zilizooza.

Sukuma wiki iache. Karoti na bitiruti pia. Sukuma inapopigwa na baridi hujaza sukari ndani ya majani yake ili yasigande upesi, na sisi tunaifaidi sukari hiyo. Aliyewahi kula sukuma iliyopitiwa na jalidi mara mbili tatu hataki tena ile ya Julai.

Hatua ya 3: Chukua mbegu

Hii ndiyo zawadi ya mapukutiko marefu. Miaka ya kawaida, managu yanakufa matunda yake yakiwa bado mabichi. Jalidi ikichelewa, yanaiva kabisa. Ponda matunda yaliyoiva, loweka kwenye maji siku moja au mbili, osha mbegu, zitandaze kwenye sahani hadi zikauke kabisa, kisha bahasha ya karatasi na tarehe juu yake. Chukua kwenye mimea uliyoipanda wewe mwenyewe, si kwenye magugu yanayofanana nayo yaliyojiotea kando ya uzio. Terere ni rahisi zaidi: kata kichwa kilichokauka, kipukutishe ndani ya mfuko, upete. Kunde huwa tayari maganda yake yakitoa mlio ukiyatikisa.

Hatua ya 4: Mwagilia mpaka ardhi igome

Ningeambiwa nibakize hatua moja tu, ningebakiza hii.

Mitufaha yangu ilikufa kwa kiu. Sikuelewa wakati ule, kwa sababu mti uliokwisha kupukutisha majani unaonekana umelala na hauhitaji kitu. Kumbe mizizi huendelea kukua na kunywa hadi udongo unapokaribia kuganda. Mti ukiingia baridi ukiwa na kiu, na udongo unaouzunguka ukiwa mkavu, unapigwa mara mbili: hauna akiba ya maji ndani yake, na udongo mkavu wenyewe hupoa haraka kuliko wenye unyevu, kwa hiyo baridi huifikia mizizi upesi na kwa nguvu. Miti inayobaki na majani mwaka mzima, ile ya jamii ya misonobari, inaumia zaidi. Majani yake hupoteza maji kwenye upepo wa Januari wakati mizizi iko kwenye udongo ulioganda na haiwezi kurudisha chochote. Machi ikifika unaiona imegeuka kahawia upande wa jua.

Pima hivi. Chukua bisibisi ndefu uichomeke kwenye udongo chini ya mti. Ikiingia kwa urahisi hadi mpini, unyevu upo. Ikikwama juujuu, mwagilia. Kwa mti mchanga wenye shina la unene wa inchi 1, mimi huweka ndoo mbili za galoni 5 kila wiki ambayo mvua haijanyesha ya kutosha, na kwa shina nene zaidi naongeza kwa kiasi hichohicho. Maji yaende polepole: toboa tundu dogo chini ya ndoo, iweke hatua moja kutoka kwenye shina, iache ivuje yenyewe. Ukimwaga kwa pupa, maji yanakimbilia barabarani.

Zipe kipaumbele miti na vichaka vilivyopandwa ndani ya miaka mitatu iliyopita, kisha misonobari, stroberi, na tuta utakaloweka kitunguu saumu. Nyasi za mbele ya nyumba ziwe za mwisho. Zikigeuka kahawia kwa ukame mara nyingi zimelala tu, zitaamka.

Endelea hadi ardhi igande, ambayo katika miaka ya joto inaweza kuwa mwisho wa Novemba au baadaye. Hapa kuna jambo linalowaponza wengi: mpira wa maji. Usiku mmoja wa baridi kali huku mpira umeungwa kwenye bomba la nje, maji yanaganda, yanatanuka na kupasua bomba ndani ya ukuta. Kila ukimaliza kumwagilia, ng'oa mpira, umwage maji yote, uukunje ndani ya gereji. Msimu ukiisha, funga vali iliyo ndani ya nyumba kisha ufungue bomba la nje ili maji yaliyobaki yatoke.

Hatua ya 5: Mkasi na mbolea viache

Oktoba ikiwa na joto, utaona mambo yasiyo ya kawaida. Lilaki, kichaka cha maua ya masika, inaweza kutoa maua machache, hasa kama ilipata shida ya ukame kiangazi. Vitumba vinavimba. Usikate matawi na usiweke mbolea ya naitrojeni. Vyote viwili huuhimiza mti utoe machipukizi mapya laini, na machipukizi hayo hayatafika Desemba. Mitufaha huku hupogolewa mwisho wa majira ya baridi, kabla vitumba havijafunguka.

Hatua ya 6: Kitunguu saumu kisubiri udongo upoe

Kitunguu saumu lazima kipate wiki kadhaa za baridi ili kigawanyike kuwa punje. Bila hivyo unavuna kichwa kimoja cha mviringo kisicho na punje. Kwa hiyo hupandwa kabla ya majira ya baridi na kuvunwa Julai. Zamani niliambiwa kipandwe wiki ya kwanza ya Oktoba. Sasa nangoja jalidi kali ya kwanza ipite na kipimajoto kishuke hadi karibu nyuzi 50 za Fahrenheit (10 za Selsiasi), kisha napanda ndani ya wiki moja au mbili. Ukipanda kwenye udongo wenye joto, nguvu inaishia kwenye majani badala ya mizizi.

Tenganisha punje siku ileile ya kupanda, chagua zilizo kubwa, ncha itazame juu, kina cha inchi 2 hadi 3, nafasi ya inchi 6. Funika kwa mabua makavu au majani yaliyokatwakatwa, unene wa inchi 4. Chagua aina yenye bua gumu katikati. Ndiyo inayostahimili baridi ya huku kuliko ile laini ya dukani.

Na kikichipua Novemba kwa sababu ya joto? Watu wengi hunipigia simu kwa jambo hili. Kiache. Ncha za kijani zitaungua, lakini punje iko salama chini, na Aprili kitatoa majani mapya. Tulipu nazo ni vivyo hivyo.

Hatua ya 7: Matandazo, lakini kwa wakati wake

Kwa nini tunafunika vitanda vya mimea ya kudumu? Si kuvipasha joto. Tunataka udongo ukishaganda ubaki umeganda. Adui mkubwa wa baridi isiyo na theluji ni kuganda na kuyeyuka kila siku chache: udongo unavimba, unashuka, unavimba, na kila mara unasukuma mizizi juu kidogo, mpaka siku moja unaikuta stroberi imekaa juu ya ardhi mizizi ikiwa uchi kwenye upepo. Ndivyo tuta langu lilivyokwisha.

Ukifunika mapema wakati bado kuna joto, mioyo ya stroberi inaoza, na panya wa shambani wanafurahia nyumba mpya. Ukichelewa sana, baridi ya nyuzi 20 za Fahrenheit (7 chini ya sifuri kwa Selsiasi) inaweza kuua vitumba vya matunda ya mwakani. Dirisha ni dogo: ngoja kipimajoto cha udongo kionyeshe nyuzi 40 (kama 4 za Selsiasi) asubuhi tatu mfululizo, kisha funika. Mwaka wa kawaida hiyo ni Novemba mapema. Miaka hii nimewahi kungoja hadi karibu na sikukuu ya Thanksgiving, mwishoni mwa Novemba.

Tumia mabua ya ngano au shayiri. Nyasi kavu za kulishia mifugo zina mbegu, na utapalilia kiangazi kizima. Majani ya miti ni bure: yapitishe chini ya mashine ya kukatia nyasi kwanza, kwa sababu majani mazima hulala kama karatasi zilizolowa na kuzuia hewa.

Miti michanga ya matunda izungushie wavu wa waya kuanzia ardhini. Panya hutafuna gome chini ya theluji, na sungura hutafuna wakiwa wamesimama juu yake, kwa hiyo wavu upite kimo cha theluji kwa futi 2. Shina lipewe kanga nyeupe, yaani kifungio cha kulizungushia, maana jua la Februari hulipasha upande wa kusini mchana, na usiku gome linaganda ghafla na kupasuka. Toa kanga hiyo Aprili.

Hatua ya 8: Theluji ikija

Ndani ya theluji mpya kuna hewa nyingi kuliko maji. Inchi 10 za theluji zikiyeyuka huwa takribani inchi 1 tu ya maji. Hewa hiyo iliyonaswa ndiyo blanketi. Theluji laini ya kufika nusu ya goti inatosha kuuweka udongo karibu na nyuzi za kuganda, hata hewa ya juu ikishuka hadi baridi inayouma pua. Bila theluji, mgando hushuka chini na chini zaidi. Sheria za ujenzi za Minnesota zinataka msingi wa nyumba ufike inchi 42 upande wa kusini wa jimbo na 60 upande wa kaskazini, kwa sababu ya mgando huo. Mzizi wa stroberi uko inchi chache tu kutoka juu. Ndiyo maana naiombea theluji ije.

Kwa hiyo ikija, usiitupe. Ukisafisha njia, ile safi irushe juu ya matuta na kuzunguka miti. Ya barabarani yenye chumvi usiilete bustanini kabisa. Penye utelezi karibu na mimea tumia mchanga. Minneapolis inawapa wenye nyumba saa 24 baada ya theluji kuacha kuanguka kusafisha njia ya miguu iliyo mbele ya kwao, basi una muda wa kuipanga kwa koleo badala ya kuisukumia popote. Mashina makavu ya maua na terere usiyang'oe Oktoba. Yanainasa theluji inayopeperushwa na upepo, na tuta lenye mashina hubaki jeupe wiki nzima baada ya lililofyekwa kuwa wazi.

Theluji nzito ikilemea matawi ya msonobari, inyanyue taratibu kwa ufagio kutoka chini. Ikiwa imegeuka barafu, iache iyeyuke yenyewe, vinginevyo utavunja tawi.

Na usidhani joto la Novemba ni ahadi. Kizazi cha wazee huku hakijasahau Novemba 11, 1940: asubuhi ilikuwa ya joto, wawindaji wa bata wakatoka na nguo nyepesi, na tufani ya theluji ikaua watu 49 katika jimbo hili peke yake. Mwaka 1991 tufani iliyoanza siku ya Halloween, Oktoba 31, iliangusha inchi 28.4 juu ya miji hii miwili. Koleo langu liko mlangoni kuanzia Oktoba 15, hata kama nimevaa kandambili.

Theluji isipokuja

Ikifika Desemba 20 na ardhi bado ni uchi, ongeza matandazo hadi inchi 6 juu ya stroberi na mimea ya kudumu uliyoipanda mwaka huohuo. Baada ya sikukuu, majirani wengi huweka miti yao ya Krismasi kando ya barabara. Omba, kata matawi, yalaze juu ya matuta. Yananasa hata theluji ndogo ya sentimita mbili na kuyakinga matuta na jua linaloyeyusha mchana. Mwaka ule wa Krismasi ya mvua, matawi ya miti mitatu niliyopewa mtaani ndiyo yaliyoponya tuta langu jipya la stroberi. Binti yangu, aliyekuwa akingoja theluji tangu Novemba ili ateleze kwenye mteremko wa Theodore Wirth Park, ndiye aliyenisaidia kuyaburura hadi nyumbani.

Weka daftari. Langu lina mistari michache kwa mwaka: usiku wa jalidi ya kwanza, siku udongo ulipofika nyuzi 50 na 40, siku ya mwisho ya kumwagilia, theluji ya kwanza iliyobaki ardhini hadi siku ya pili, na nini kilikufa. Ukurasa huo naufungua tena mwisho wa Machi, ninapotoa ile bahasha ya mbegu za managu na kuzisia ndani ya nyumba, chini ya taa, wiki 8 kabla ya kuzipeleka nje.